Somo, Usinijibie

Mitole, Kilwa
9 Juni 2024

Somo yangu Bi Esha,

Kikohozi chako bado kinanilia masikioni, hata kabla sijakupa shikamoo. Kile kikavu, kifupi, unachokitoa unapotaka kusema jambo ambalo halitajadiliwa. Nilikisikia mara ya kwanza nikiwa mwali, nimefunikwa kanga, wazee wakiuliza kama nimefunzwa nikafunzika. Ukakohoa, ukanijibia. Siku ya ndoa wakauliza kama nimeridhia. Ukakohoa, ukanijibia. Sikuona ubaya. Ndivyo somo alivyo: mwali hafungui mdomo mbele ya wageni juu ya mwili wake, ana mtu wa kumfungulia.

Lakini Alhamisi iliyopita, kule hospitali Lindi, yule daktari alinitazama mimi. Aliuliza, "Mama, umeelewa? Unataka tufanyeje?" Ukakohoa. Ukasema, "Kitolewe, daktari. Kitu kinachotoka nje kinaomba kwenda zake." Naye ni mtu wa huku, anazijua adabu zetu, basi akainama akaandika. Ukimya wangu kwake ulikuwa ndiyo. Sasa nimepangiwa Agosti, madaktari bingwa wakija, nikatolewe kizazi.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, Somo. Nakichora kizazi ubaoni kila mwaka. Wavulana wa Kidato cha Tatu wanazika nyuso kwenye madaftari wakicheka, nami nawaambia, "Chekeni, ndimo mlimotoka." Na siku cha kwangu mwenyewe kilipoulizwa habari zake, nilitazama sakafu.

Unajua ninavyoishi tangu nimzae mdogo. Nikinyanyua ndoo kinashuka mpaka nje, nakirudisha kwa vidole kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Nafundisha nimeegemea meza, wanafunzi wanadhani ni madaha. Kwa hiyo sisemi niachwe hivi. Wala bado sijui ninataka nini. Najua tu kwamba swali lilikuwa langu na jibu likatoka kwako.

Kwa nini ulisema kitolewe?

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii bila spika, na wapangaji wako wote wa Rasbura wangelijua jambo hili kabla ya adhuhuri. Yangu nayo mume wangu Jafari huichukua kutazama bei ya ufuta. Barua nampa Bertha wa vitumbua pale Nangurukuru, ampe kondakta wa basi la Lindi. Nawe jibu kwa njia hiyohiyo.

Shikamoo.
Mwali wako,
Fauzia


Rasbura, Lindi
16 Juni 2024

Mwali wangu Fauzia,

Marahaba, japo umenitupia shikamoo kama mtu anayemtupia kuku pumba.

Unauliza kwa nini nilijibu. Kwani kazi ya somo ni nini? Ulipoona damu ya kwanza ulikimbilia kwangu au kwa mama yako? Mbele ya yule kijana mwenye viatu vyeupe ungesema nini? Ungekitaja kwa jina? Nilikusitiri. Siku hizi mkisitiriwa mnasema mmezibwa mdomo.

Na ujue mumeo alikuja kwangu, kwa adabu, kama mume anayejua pa kuuliza. Akasema, "Mama, mwanao ananikimbia kitandani, nimemkosea nini?" Nikamwambia unaumwa tumbo, akuvumilie. Akaitikia akaenda zake. Umeona? Hukuhitaji hata kupandisha uso.

Sasa nisikilize. Kitolewe. Usijidanganye kitarudi. Usiku kinatulia kama paka, asubuhi ukisimama kinasimama na wewe. Ukipiga chafya umekwisha. Ukikaa mkekani kupepeta kinakauka, kinachubuka, na kanga mpya inakwaruza, kwa hiyo tafuta ile iliyofuliwa miaka mpaka ikalainika. Kucheka utakuogopa, mkojo hauna siri. Harusini hutakwenda, ngomani hutacheza, watu watasema Fauzia amepata kisomo amepata na kiburi. Kumbe mwenyewe unalinda kanga. Kiondoe ungali kijana, ule ujana wako.

Nimemaliza. Wabusu watoto.

Somo yako,
Esha


Mitole
30 Juni 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Hii nimeitanguliza.

Nani alikwambia kwamba kanga mpya inakwaruza? Mimi sikukwambia. Wala sikukwambia habari ya kukaa mkekani. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika hapo naona ninasoma habari za mtu mwingine. Sitauliza. Nimesema tu kwamba nimeona.

Sasa nikwambie nililolifanya. Jumatano nilipanda basi nikaenda Lindi peke yangu. Shuleni nilisema naenda kusahihisha mitihani. Bajaji ilipita Rasbura, nikaliona paa lako, sikushuka. Ningeshuka tungekwenda wawili, na mimi nilitaka kwenda mmoja.

Nilimwona daktari mwanamke, Stefania, mzaliwa wa Newala. Aliuliza, nikajibu. Neno la kwanza lilinitoka kama mfupa wa samaki. Baada ya hapo sikunyamaza, mpaka akaniambia, "Mwalimu, nje kuna foleni."

Akaniambia nifikirie chandarua kilichofungwa kamba nne. Kamba zikilegea, chandarua kinakuangukia usoni. Je, chandarua kimeharibika? Kizazi changu hakijaoza, Somo. Hakina kosa lolote. Zilizolegea ni kano zinazokishika. Ndiyo maana hata wakikitoa, kazi haijaisha: ule mwisho wa juu wa uke unaobaki lazima nao ufungwe kwenye kano imara, la sivyo utashuka ukifuata njia ileile. Hilo yule wa kwanza hakutueleza, nasi hatukumuuliza. Tulikuwa tumeshajibu.

Kukitoa kuna faida yake, sitaki nikufiche. Damu ya mwezi inakoma, na saratani ya kizazi haina tena pa kukaa. Lakini ni kukata zaidi na kupona kwa muda mrefu zaidi, na wengine ukomo wa hedhi huwajia mapema.

Njia ya pili ni kukiacha. Wanapita ukeni, bila kupasua tumbo, wanakishona kwa nyuzi kwenye kano ngumu iliyo ndani ya nyonga. Niliuliza kama kinadumu sawa na kukitoa. Akasema kwa wengi matokeo yanakaribiana, ila hakuna fundi wa kuapa: yoyote kati ya hizo inaweza kulegea tena. Tako moja linauma majuma kadhaa. Na shingo ya kizazi inabaki, kwa hiyo kipimo chake cha saratani ni cha maisha.

Ipo pia ya kupitia tumboni na kukining'iniza kwa wavu kwenye mfupa wa mgongo. Ni imara sana, lakini wavu huo wakati mwingine hula nyama ulipogusa, na tatizo likitokea niende wapi nikiwa Mitole? Nikaitupa. Ipo ya kuufunga uke wenyewe, hiyo ni ya wanawake wasiotaka tena kulala na mume. Nikacheka, naye akacheka. Na kwa asiyetaka kisu kabisa ipo pete ya mpira laini: inawekwa ndani, inashikilia, unaitoa unaiosha unairudisha.

Nilimuuliza, "Ungekuwa wewe, daktari?"

Akasema, "Mimi si wewe, mwalimu. Nina watoto wanne na sina shamba."

Nilipenda jibu hilo kuliko yote niliyopewa mwaka huu.

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo linaninyima raha. Mimba baada ya kushonwa inaweza kulegeza kila kitu. Kwa hiyo ninayetakiwa kujua kwanza kama nimemaliza kuzaa ni mimi. Nina binti wawili. Nimeutazama moyo wangu mpaka pembeni kabisa, na sikuona mtoto wa tatu amekaa humo.

Juu ya Jafari nina hasira na wewe. Miezi yote hii analala chumba cha watoto akidhani namkimbia, na mimi nalala peke yangu nikidhani ananionea kinyaa. Kumbe katikati yetu umesimama wewe na "tumbo" lako.

Fauzia


Rasbura
14 Julai 2024

Mwali wangu,

Umesema huulizi. Basi nakujibu bila kuulizwa, kama kawaida yangu.

Tangu nimzae Yassin. Na Yassin sasa ana mvi kidevuni. Marehemu mume wangu alijua, hakusema, na mimi sikusema, tukaishi hivyo mpaka tukamzika. Nilipomsikia daktari akisema kwamba unacho kama changu, sikukuona wewe pale kwenye kiti. Nilijiona mimi. Nikasema kitolewe, kwa sababu hicho ndicho nilichotaka mtu anisemee mimi zamani zile, na hakutokea mtu.

Barua yako ilinitia ukaidi. Nikasema kama mtoto amekwenda, mama ataogopa nini? Nikamchukua Naima, mke wa Yassin, anishike mkono kwenye ngazi. Daktari wako akanipima taratibu, akanieleza kama alivyokueleza. Kisha akauliza, "Mama, bado una mume?"

Sijafungua mdomo, Naima akadakia: "Hapana, daktari. Bibi ni mjane. Mfungeni tu, hana kazi nayo."

Hana kazi nayo! Fauzia, nilimtazama yule mtoto mpaka akaanza kutafuta pochi yake, nayo ameishika mkononi. Na daktari, Mungu amlinde, hakuandika. Alinisubiri. Ule muda alionisubiri, mwanangu, ndipo nilipoelewa barua yako ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma kwa macho tu.

Nikamwambia, "Daktari, nyumba yangu, mlango wangu. Kutokuwa na mgeni si sababu ya kujenga ukuta."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema wanawake wengi wa umri wangu huichagua hiyo kwa moyo mkunjufu, ni operesheni fupi na inadumu kuliko nyingine. Nikasema waichague, heri yao, mimi nataka pete. Akajaribu moja, ikateleza, akajaribu kubwa zaidi, ikakaa. Nikatoka hapo nikaenda sokoni kwa miguu, Naima nyuma yangu analalamika viatu vinambana. Nikapiga chafya kwa makusudi. Kimya! Nikapiga nyingine.

Nisamehe kwa Alhamisi ile.

Na sasa la mumeo. Alipokuja kwangu hakuja peke yake, alikuja na baba yake mkubwa, Ridhiwani. Ridhiwani akasema mwanamke anayekimbia kitanda amempa mume ruhusa ya kuongeza mwingine, tena yupo binti wa watu kule Njinjo. Nilinyamaza nikidhani maneno yatapita. Hayajapita. Uongo wangu wa tumbo ndio ulioyalea. Mwambie Jafari mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakutangulia.

Esha


Mitole
28 Julai 2024

Kwa Mama yangu Bi Esha,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia mimi mwanao Jafari, sina pengine pa kulipeleka jambo hili.

Mke wangu amenieleza. Mchana kweupe, watoto wako madrasa, mimi ndiyo kwanza natoka shambani kupulizia mikorosho salfa, hata uso sijanawa. Akanikalisha mezani akachukua karatasi akachora, kama anavyowachorea wanafunzi wake. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama kalamu. Lakini nilisikia yote.

Mama, nimefurahi kwamba hanichukii. Hilo naliandika ulione. Nimemwambia Baba Mkubwa maneno ya Njinjo ayaweke chini, akaniita mume bwege, nikasema sawa. Jana nimerudi chumbani kwetu.

Ila anasema akishonwa atafunga na uzazi. Tuna watoto wa kike wawili, nawapenda, lakini mimi pia ni mtoto wa mtu, nataka na wa kiume. Nimemwomba avae hiyo pete, tujaribu mmoja tu, kisha ashonwe. Daktari mwenyewe amesema pete ipo. Si neno baya nililosema. Akaniambia atafikiri, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha fikiri.

Wewe ndiye somo yake. Kwako anasikia. Tafadhali mwambie.

Mwanao,
Jafari


Rasbura
4 Agosti 2024

Mwanangu Jafari,

Marahaba. Neno lako si baya, na si kwangu pa kulileta.

Nilizoea kuwasemea ninyi wawili, nikimaliza mnasema ewallah. Mmelala vyumba mbalimbali kwa sababu ya kazi hiyo. Nimeacha. Mwombe mwenyewe, na ukishaomba usijijibu. Subiri, hata akikawia mpaka chai ipoe. Na akikataa, hapana hiyo ni yake, hakufundishwa na mtu.

Mimi nakuja Mitole kukaa na watoto wakati yuko hospitali, iwe ameamua hivi au vile. Niandalie chumba chenye komeo, na usiniulize la nini.

Mama yako,
Esha


Wodi ya wanawake, Lindi
22 Agosti 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Naandika nimelala ubavu, kwa sababu tako la kulia linauma kama nilivyoahidiwa. Natumaini watoto hawajakuchosha, na mdogo hajakuzoesha kumpa sukari mkononi.

Sikukwambia siku ulipofika, nyumba ilikuwa imejaa watu. Jafari alikuja jikoni jioni ya Jumamosi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nikikuomba mmoja tu?"

"Niombe."

"Nakuomba."

Nilimwacha asubiri. Si kwa kumkomoa. Nilitaka ombi lake lipate haki yake, nilipime tena, na nililipima. Niliuona uso wa mtoto huyo wa kiume. Kisha nikajiona mimi nina mimba kubwa, nimesimama nyuma ya choo, najirudisha kwa vidole.

Nikamwambia, "Hapana, Jafari. Wawili ndio niliowazaa na ndio nitakaowalea nikiwa nimesimama wima."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mume wangu. Umeniomba, nimesikia, nimekataa."

Hakukubali. Sitaki udhani alikubali. Alisema wazi kwamba limemuuma, na kwamba hajui litamuuma mpaka lini. Nikamshukuru kwa kulisema kwangu, si kwa Ridhiwani. Jumatatu alinipeleka Nangurukuru kwa pikipiki, polepole, kila bonde anapunguza mwendo kama amebeba mayai. Basi lilipokuja alinipandishia mzigo. Akasema, "Ukifika piga." Basi.

Hapa wodini nesi Fortunata aliuliza kama kawaida yao, "Mama, umekuja na nani? Nani anakusemea?" Nikasema andika jina langu. Akauliza mume anasemaje. Nikasema mume anapinga, na mwenye mwili ni huyu unayemwona. Akaenda kumwita Daktari Stefania. Naye akamwambia palepale kwamba sahihi inayotakiwa ni ya mgonjwa mwenye akili zake, na huyu anazo hadi zinachosha.

Kisha akanigeukia, mbele ya mabingwa wageni wawili, akauliza tena tangu mwanzo. Unataka nini? Unajua kinaweza kulegea? Unajua kufunga mirija hakufunguki kirahisi? Pazia lilikuwa jembamba, wodi nzima inasikiliza. Mama mmoja wa kutoka Nyangao, kitanda cha pili, akasema, "Dada, paza sauti, na sisi wenye masikio mabovu tujifunze." Watu wakacheka. Nikapaza sauti. Nilikitaja kizazi kwa jina lake, na uke kwa jina lake. Nikasema nataka kibaki, kishonwe kwenye kano, na mirija ifungwe. Bingwa mmoja akauliza, kwa upole, kwa nini nihangaike kubakiza kitu ambacho sitakitumia. Nikamwambia, "Hakijafanya kosa, daktari. Na kutumika si sababu pekee ya kitu kuwa changu."

Sahihi yangu ilitoka imepinda. Sikuirudia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Sasa mambo ya nyumbani. Nimekatazwa kunyanyua ndoo, gunia, hata mtoto, kwa wiki sita, na kuchota maji ni kwa Jafari, aanze kuzoea kabla sijarudi. Njiani nisiharakishwe.

Barua hii usiifiche chini ya godoro. Iweke mezani aisome. Hakuna jipya ndani yake kwa ajili yake: nilimwambia kabla, na jana nikampigia nikamwambia imekwisha. Akauliza nimekula nini.

Nimeshonwa, Somo. Kizazi kimebaki, mirija imefungwa.

Fauzia